Macho ya Mwalimu

Mtaa mzima ulianza kumwita Mwalimu kabla chuo hakijampa haki ya kuitwa hivyo. Alianza muuza mkaa kwa utani, akafuata fundi viatu, hatimaye hata watoto wadogo waliomwona akipita na vitabu kwapani. Mama yake, ambaye kazi yake ilikuwa kufua nguo za watu, naye akawa Mama Mwalimu. Aliitika jina hilo kwa fahari na kwa woga kidogo, kama mtu aliyeazimwa nguo nzuri na hajui mwenyewe atakuja kuichukua lini.

Sasa ilibaki siku moja tu ya kukaguliwa. Kijana alikuwa amemaliza masomo ya chuoni, amepangiwa shule ya sekondari kwa mazoezi ya kufundisha kemia na baiolojia, na wakufunzi walishamkagua wakamsifu. Ila ukaguzi wa mwisho si wa wakufunzi. Huja mkaguzi wa wizara, anakaa nyuma ya darasa na kalamu yake, na yeye ndiye anayesema huyu apewe leseni au asipewe. Bila leseni hakuna shule itakayomwajiri mwalimu wa sayansi, hata awe anajua kiasi gani.

Asubuhi hiyo mama alimtolea nguo, kama alivyomtolea tangu utotoni: shati hili, suruali hii, soksi hizi. Katika nyumba ile hakuna aliyeona ajabu. Walijua kwamba akiachwa ajichagulie mwenyewe atatoka na soksi moja hivi na nyingine vile, wakalifanya kuwa la kucheka. Dada yake mkubwa, mshonaji, alikaa kwenye kigoda akimalizia upindo wa koti la mdogo wake. Mimba ilikuwa imekua hata akawa anapata tabu kuinama, na mumewe, dereva wa malori, alikuwa safarini.

"Mshahara wa kwanza unaninunulia cherehani," dada akasema bila kuinua uso. "Siyo simu, siyo viatu. Cherehani."

"Nitakununulia mbili."

"Moja inatosha. Ile ile uliyoila."

Wakacheka, maana kweli aliila. Cherehani ya dada iliuzwa ili ada ya mwaka wa mwisho ipatikane, na tangu hapo anashonea ya kukodi, kibarazani kwa mtu, na mwenye mali akiitaka anainuka hata kama nguo ya mteja haijafika nusu. Mama akawaambia waache maneno. Akamwekea mwanawe mkono kichwani akamwombea. Hakuomba mengi. Alimwomba Mungu amfumbue macho mkaguzi, ayaone mema ya kijana huyu.

Jambo ambalo mama hakulijua ni kwamba mwanawe hatofautishi nyekundu na kijani. Haoni giza, wala hasumbuliwi na maandishi madogo. Pale alipopimwa macho kabla ya kuingia chuoni alisoma herufi zote mpaka mstari wa chini, na daktari akampigia muhuri. Lakini damu na majani kwake vina rangi moja, ya udongo uliolowa. Utotoni alijifunza rangi kama wenzake wanavyojifunza kuzidisha, kwa kukariri: majani ni kijani, moto ni mwekundu, na kitu asichokijua ananyamaza mpaka mwingine aseme. Alizoea mno kungoja hata hakuna aliyegundua kwamba anangoja. Na sayansi aliipenda. Aliamini kitu kidogo namna ile hakiwezi kumzibia njia.

Chuoni kazi za maabara hufanywa wawili wawili. Mwenzake wa mezani alikuwa msichana mpole ambaye yeye alimwita Jirani. Msichana alikuwa mzito wa hesabu, yeye alikuwa mzito wa rangi, wakasitiriana. Kijana alipima na kupiga hesabu. Jirani aliikodolea macho chupa, na rangi ilipobadilika alikohoa kidogo, naye kijana akafunga koki. Kikohozi hicho ndicho kilichomvusha mitihani yote ya vitendo. Mwanzoni kabisa Jirani alimsihi akawaambie wakufunzi mapema, kwamba afadhali wamtoe sasa kuliko baadaye akiwa ameshakula fedha za watu. Alimjibu kwamba wakimtoa sasa hataweza kumtazama mama yake usoni. Basi wakaendelea, na kikohozi kikaendelea.

Alipopelekwa shuleni kwa mazoezi, Jirani alipangiwa kwingine. Kijana akabuni njia yake. Hakutaja rangi kamwe, aliwauliza wanafunzi. Mnaona nini? Nani ana jibu tofauti? Wote mnakubali? Kisha akaandika ubaoni kile walichokubaliana. Wakufunzi walipendezwa, wakasema huyu hawatafunii wanafunzi chakula, anawaacha watafune wenyewe, na wakawataka wanachuo wengine waje kumwiga.

*

Mkaguzi alikuwa mama wa makamo, mnene, mwenye viatu visivyo na kelele. Alisalimia vizuri, akaketi nyuma kabisa, akafungua andalio la somo. Somo lilikuwa tindikali na besi. Kila kundi lilipewa kimiminika kisicho na jina, wakitie kwenye mrija wa kioo, waongeze matone ya kiashiria, na kwa rangi itakayotokea waseme wamepewa nini. Ikiwa nyekundu ni tindikali, ikiwa kijani ni maji, ikiwa ya bluu au zambarau ni besi.

Somo lilikwenda kama maji ya mtelemko. Mwalimu alisahau hata kwamba anatazamwa. Alizunguka meza kwa meza, akimtania huyu, akimsubiri yule mwenye kigugumizi mpaka amalize sentensi yake, na mkaguzi alikuwa ameacha kuandika anasikiliza tu.

Kundi la mwisho lilikuwa na mvulana waliyemwita Spika kwa sababu ya mdomo wake. Mvulana huyu alimpenda Mwalimu kuliko walimu wote wa shule, na mapenzi yake aliyaonyesha kwa njia moja aliyoijua, kumchokoza. Kila somo atatoa jibu la ovyo, Mwalimu atamrudishia neno, darasa litacheka, kisha kazi itaendelea. Siku hiyo aliona Mwalimu anastahili kusaidiwa, mgeni naye aone darasa lao lina raha. Mrija wa kundi lake ulikuwa mwekundu hata kipofu asingeukosa. Akauinua.

"Ticha, ya kwetu imetoka kijani. Kijani ya mchicha kabisa."

Akangoja arudishiwe neno.

Mwalimu akaupokea mrija, akauinua dirishani ili wote wauone. "Kundi la nyuma wamepata kijani. Nani ana jibu tofauti?"

Hakuna aliyefungua mdomo. Walidhani naye anatania, wakangoja mwisho wa utani. Yeye akadhani wamekubali. Akageuka akaandika ubaoni, kwa mwandiko wake ule mzuri: kijani, maji. Akasema maji hayaunguzi wala hayachubui, mtu anaweza kuyamwaga hata mkononi. Na ili somo likae vichwani, akamwomba binti wa meza ya mbele akinge kiganja. Binti alikuwa mtiifu. Akakinga.

Mkaguzi alikuwa ameshafika. Viatu vyake havikusikika.

"Mwalimu," akasema taratibu, "nipe huo mrija."

Kicheko kilichokuwa kimeanza kona moja kikakatika. Tindikali ile ilikuwa imezimuliwa kwa maji mengi, isingemtoa binti hata lengelenge. Lakini kiganja kilikuwa bado kiko wazi hewani, na watoto wote wakawa wanakitazama. Spika alishaacha kutabasamu.

*

Nyuma ya maabara kulikuwa na chumba kidogo cha kuwekea dawa. Mkaguzi alifunga mlango, akapangusa stuli kwa leso, lakini hakukaa.

"Kuna chupa mbili pale juu ya rafu," akasema. "Niletee yenye kifuniko chekundu."

Mwalimu alizitazama. Akachukua moja, akageuka. Alipoona uso wa mkaguzi hausemi kitu, akairudisha, akachukua ya pili.

"Ya kwanza ndiyo ilikuwa sahihi," mkaguzi akasema.

Hapo ndipo mama yule alipokaa. Akamuuliza ni tangu lini. Tangu kuzaliwa. Alijua? Alijua. Na vyeti vyake vya vitendo alivipataje? Kijana akanyamaza, maana kujibu ni kumtaja Jirani, ambaye alishapata leseni yake wiki iliyopita. Mkaguzi alimtazama, akaliacha swali lipite.

Kijana akaanza kuomba. Aliomba kama anavyoomba mtu ambaye hakuwahi kuombea kitu chake mwenyewe, akigugumia. Alisema atakuwa na msaidizi wa maabara. Alisema atabandika alama kwenye kila chupa. Alisema wanafunzi wake wote wa kidato cha pili wamefaulu jaribio.

"Na siku msaidizi hayupo?"

"Nitangoja arudi."

"Na leo ulingoja?" Aliuliza bila ukali, na hilo ndilo lililoumiza. "Mwanangu, nimekagua walimu wengi. Andalio lako sijaona mfano wake mwaka huu. Ningekuwa na haki ya kukupa leseni ya kuongea na watoto tu, ningekupa sasa hivi. Lakini utawakabidhi mikononi vitu vinavyounguza. Ungekuja kusema mwaka wa kwanza, tungekutafutia somo jingine."

"Na sasa?"

"Sasa ni kuanza upya. Historia, au lugha. Mwaka wa kwanza, na ada yake."

Kijana akaitikia kwa kichwa kama mtu anayeelekezwa njia ya mji asiokusudia kwenda.

Nje Spika alikuwa ameegemea ukuta, macho yamemvimba. Alisema alikuwa anatania tu, kwamba atakwenda kumwambia yule mama ni kosa lake, kwamba wamchape yeye. Mwalimu alimshika bega. Akamwambia hakuna kosa alilofanya, arudi darasani awasaidie wenzake kuosha vyombo, na aangalie wasivunje mirija. Kisha akavuka uwanja wa shule amebeba koti mkononi, na waliomwona walidhani anasikia joto.

*

Mama alikuwa uani akikamua shuka za watu. Alipomwona alijua, lakini alimalizia kukamua ile aliyoishika, akaianika, akaivuta pembe mpaka ikanyooka, kana kwamba habari mbaya haiwezi kuanza kabla ya shuka kukauka. Dada akaja kutoka kibarazani. Wakaingia ndani.

Aliwaeleza yote, hata kikohozi. Dada ndiye aliyewaka kwanza. Akasema huyo mkaguzi anataka chochote, watu wa aina hiyo wote wana bei, na yeye kaka yake badala ya kumsikiliza vizuri amekuja kulia. Kijana akasema siyo hivyo. Ndipo hasira ya dada ikageuka njia.

"Kwa hiyo ulijua. Siku tunaibeba cherehani yangu kuipeleka kuuza, wewe umeshika upande mmoja na mimi upande mmoja, ulikuwa unajua."

"Nilijua, dada."

"Ukakaa kimya."

"Nilikaa kimya."

Dada akaketi kitandani mikono juu ya tumbo.

Mama bado alikuwa palepale mwanzoni. Kwamba macho mabovu? Mbona anasoma? Mbona sindano ikianguka yeye ndiye anayeiokota? Alisema kesho atakwenda mwenyewe kwa huyo mama mkaguzi, atapiga magoti, mwanamke kwa mwanamke wataelewana. Alisema kuna hospitali ya macho, atafua usiku na mchana mpaka macho yatibiwe. Mwanawe akamwambia hali hiyo haina dawa. Akamwambia ni ya kuzaliwa nayo.

Dirishani sauti ya muuza mkaa ikapita. "Mwalimu! Vipi, tumeshinda?" Wote watatu wakatulia, hakuna aliyethubutu hata kusogeza mguu, mpaka nyayo zikaondoka.

Mama akavuta kigoda akakaa mbele ya mwanawe.

"Mimi nimeishia shule ya msingi," akasema. "Lakini siyo mjinga. Miaka yote hii sijawahi kukusikia ukifundisha hata siku moja. Nifundishe hicho kitu. Nifundishe kama unavyowafundisha wale watoto, nielewe ni nini kilichomkuta mwanangu."

Kijana akaona hicho ndicho kitu pekee alichobakiwa nacho cha kumpa. Akachukua kopo la vifungo la dada yake, akavimwaga sakafuni, akachambua vikubwa na vidogo. Sauti yake ilianza chini, ikapanda kidogo kidogo, mpaka ikawa ile ya darasani.

Alimwambia kwamba kila mtu ana chembe za urithi, nusu kapewa na mama, nusu na baba. Kifungo kikubwa ni ile inayobeba habari za kuona rangi. Mwanamke ana vikubwa viwili. Mwanamume ana kikubwa kimoja na kidogo kimoja, na hicho kidogo hakijui lolote kuhusu rangi. Akavipanga vizuri mbele ya miguu ya mama. Mwanamke, akasema, kikimharibikia kimoja, kingine kinamsitiri. Anaona sawasawa na anaweza kuzeeka bila kujua. Mwanamume kikimharibikia hicho kimoja, hana cha kumsitiri.

Mama aliinama akavitazama. Alikuwa mwanafunzi mzuri, hakuwa na haraka. Akagusa kile kidogo.

"Mtoto wa kiume hiki anakipata kwa nani?"

"Kwa baba yake. Ndicho kinachomfanya azaliwe wa kiume." Uso wa kijana ulikuwa umekunjuka, swali zuri lilikuwa linamfurahisha daima, hata siku kama hiyo.

"Na hiki kikubwa?"

Mwalimu akafungua mdomo kujibu, na hapo ndipo alipoona somo limemfikisha wapi. Alikuwa amelifundisha mara nyingi na hakuwahi kumweka mama yake ndani yake. Akamtazama dada. Dada alishaona, alikuwa anatikisa kichwa polepole, anamkataza. Angeweza kusema kinatoka kokote. Angeweza kuvikusanya vifungo akasema mengine tutaendelea kesho. Mama alikuwa anangoja, ameinua uso kama anavyoinua mtoto wa meza ya mbele.

"Hayo mengine ni marefu, mama."

"Siyo marefu." Akakichukua kikubwa akakiweka kiganjani. "Kama kidogo ni cha baba, basi hiki hakina pengine kilipotoka. Nijibu, baba. Nimekosea?"

"Hujakosea."

Mama akaanza kuongea kama anayejieleza mwenyewe. Alisema baba yake mzazi, marehemu babu yao, alikuwa akitumwa bustanini kuchuma nyanya anarudi na mbivu na mbichi pamoja, na watu wakimcheka kwamba hana makini. Wakacheka mpaka akafa. Akasema na mwanawe alipokuwa mdogo alimtuma sokoni, akarudi na nyanya mbichi tupu. Akamchapa. Akamtuma tena, akarudi na mbichi, akamchapa zaidi, akimwambia akili zake ziko wapi.

"Sikumbuki, mama," akasema kijana, ambaye alikumbuka mpaka fimbo yenyewe.

"Nilikupa mimi. Halafu nikakuchapa."

"Hukujua. Hakuna anayejua. Hata Mungu hawezi kukuhesabia—"

"Usinisemee kwa Mungu."

Dada akateremka kitandani kwa tabu, akakaa sakafuni karibu nao. Ghadhabu yake ilikuwa imekwisha. Akavisogeza vile vikubwa viwili, vya mwanamke, akavitazama, akavirudisha.

"Na mimi?" akauliza. "Mimi ninacho?"

Kijana hakutaka kujibu. Lakini alikuwa ameulizwa, na hakuwahi kumjibu mtu kwa uongo juu ya vitu hivi. "Huenda unacho. Huenda huna. Ni sawa kwa sawa."

"Na huyu?"

"Akiwa wa kike atakuwa salama, ataona vizuri."

"Akiwa wa kiume?"

"Itabidi tungoje aanze kutaja rangi."

Dada akaweka mkono tumboni. Nje nguo za watu zilikuwa zimeshakauka, upepo ukizipiga, na wakati wa kuzikusanya ulikuwa umefika na kupita. Mama hakuinuka. Alikuwa amefumba kiganja chake juu ya kile kifungo, macho ameyafunga, midomo inacheza kama anavyofanya akisali. Watoto wake wakainamisha vichwa wangoje amalize. Lakini sala ile ilikuwa na neno moja tu, na alilirudia mpaka wakalisikia.

"Nisamehe," alikuwa akisema. "Nisamehe. Nisamehe." Na kati yao hakuna aliyejua anayeombwa ni Mungu, au ni mwanawe, au ni yule ambaye bado hajazaliwa.